Jina Lililoitangulia Reli: Treni ya Bububu katika Kumbukumbu za Unguja

Masimulizi yaliyoenea sana kisiwani Unguja yanadai kwamba kijiji cha Bububu, kaskazini mwa Mji Mkongwe, kilipata jina lake kutokana na mlio wa garimoshi lililokuwa likifika huko: bu, bu, bu. Wanaotembeza wageni huisimulia habari hiyo, na wazee nao huwarithisha wajukuu. Makala haya yanaipima kauli hiyo kwa mizani ya tarehe, kisha yanauliza swali ambalo kwa maoni yetu ni zito zaidi: imekuwaje reli iliyochukua abiria kwa muda usiotimia miaka 20 ikalimiliki jina la mahali palipokuwapo kabla yake?

Kwanza ni lazima zitenganishwe reli mbili ambazo mara nyingi huchanganywa. Ya kwanza ilikuwa ya Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi alipofariki mwaka 1888. Yeye alijengewa njia ya takribani maili 7 kutoka kasri yake ya mjini hadi kasri ya Chukwani, upande wa kusini. Mabehewa yake hapo awali yalikokotwa na nyumbu; baadaye, mwaka 1881, liliagizwa garimoshi dogo kutoka kiwanda cha W. G. Bagnall, Uingereza. Reli hiyo ilikuwa ya anasa ya kifalme, haikuwa chombo cha raia, na alipofariki mwenyewe haikudumu: mataruma yaling'olewa na garimoshi likauzwa chuma chakavu.

Reli ya pili ndiyo iliyobaki vinywani mwa watu. Ilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold Cheney ya New York, ikaanza kazi mwaka 1905. Ilianzia kwenye Ngome Kongwe, ikapenya katika mitaa myembamba ya mji, kisha ikaelekea kaskazini hadi Bububu, nayo pia masafa ya takribani maili 7. Wenyeji walipanda kwa shughuli zao, na wageni walioteremka kutoka kwenye meli waliwekewa behewa lao la daraja la kwanza wakatalii mashamba. Tofauti hiyo ya mabehewa inaeleza mengi kuhusu jamii ya wakati ule kuliko ratiba yoyote ya treni. Mwaka 1911 serikali iliinunua reli hiyo. Usafirishaji wa abiria ulikoma mwaka 1922, barabara zilipokuwa zimeboreshwa na magari yameanza kuzoeleka. Baada ya hapo njia ilitumika kubebea mawe ya kazi za bandari kabla ya kuachwa kabisa.

Sasa turudi kwenye jina. Mwaka 1886 Bi Salme binti wa Sayyid Said, aliyejulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo anaieleza Bububu kama mahali alipokuwa na makazi yake mwenyewe, na anaitaja kwa jina hilo hilo. Kitabu hicho kilitoka miaka 19 kabla ya treni ya Wamarekani. Anayetaka kuitetea hadithi anaweza kujibu kwamba labda sauti ilikuwa ya treni ya Barghash. Hoja hiyo haisimami: treni ile ilikwenda Chukwani, kusini, zaidi ya hayo, Bi Salme aliondoka Zanzibar mwaka 1866, wakati ambapo kisiwani hapakuwa na reli ya aina yoyote.

Maelezo mengine yanalihusisha jina na chemchemi za eneo hilo, ambazo Barghash alizitumia kuleta maji mjini kwa mabomba. Kiisimu dhana hii ina nguvu zaidi. Kitenzi *bubujika*, kinachotaja maji yatokayo ardhini kwa wingi, kimejengwa juu ya mwigo wa sauti ile ile. Hatudai kuwa hilo ni thibitisho. Tunachodai ni kwamba maji yalikuwapo na treni haikuwapo.

Hata hivyo, mtafiti atakayeishia kuwaambia wazee kwamba wamekosea atakuwa ameipoteza nusu ya ushahidi wake. Masimulizi haya hayatufundishi chanzo cha jina, bali yanatufundisha namna treni ilivyosikika. Katika mji uliozoea punda, hamali na majahazi, chombo cha moto kinachopita karibu na vibaraza vya nyumba kilikuwa jambo la kusimuliwa. Jina lilikwishakuwapo likisubiri sauti, na sauti ilipokuja ililivaa kama kanzu iliyoshonwa kwa kipimo chake. Reli ya Uganda, iliyofika Kisumu mwaka 1901, ilibaki na kazi yake ya kila siku na haikuhitaji hadithi ili ikumbukwe. Ya Bububu iliacha alama chache mno. Ngome iliyokuwa karakana yake ilifanywa klabu ya wanawake mwaka 1949, na safari ya Bububu siku hizi ni ya daladala namba 502.

Ugumu wa kuisahihisha hadithi hii unaongezwa na jirani yake, Darajani. Huko jina kweli lilitokana na kitu kilichojengwa, yaani daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo. Bahari ilifukiwa, daraja likatoweka, jina likabaki.