Maji ya Mbali: Kutoka Chyulu hadi Magongo

Mtu asimamaye Magongo, bara ya magharibi ya kisiwa cha Mombasa, yu kati ya maji na maji. Kusini yake iko hori ya Port Reitz, na kaskazini iko hori ya Tudor, ambayo mikono yake huingia ndani hadi Mikindani na Jomvu. Mikoko imestawi kandokando, meli zapita kuelekea Kilindini, na kila siku bahari hujaa na kupwa. Walakini maji yote hayo hayafai hata kuchemshia chai. Maji ya kunywa ya mtu wa Magongo, yale anunuayo kwa mtungi wa lita 20 kutoka kwa mwenye mkokoteni, au yale yamfikiayo kwa mfereji siku ambayo mfereji umekubali kutoa, sehemu yake kubwa yametoka mbali kiasi cha kilomita 220, chini ya majabali meusi ya Tsavo. Na kabla ya kufika Tsavo yalikuwa mvua, iliyonyesha juu ya vilima ambavyo wengi wa wanywaji hawajapata kuviona.

Ilikuwaje mji mzima ukategemea maji ya mbali namna hii? Jibu la kwanza liko ardhini. Kisiwa cha Mombasa ni mwamba wa matumbawe ya kale, mwamba uliojaa vitundu na nyufa kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji hupenya upesi na kwenda kutulia chini, juu ya maji ya bahari yaliyoingia kutoka pembeni. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake kama mafuta yaeleavyo juu ya maji. Jambo hili lilielezwa na Badon Ghijben, Mholanzi, katika miaka ya 1880, na baadaye na Herzberg, Mjerumani aliyeshughulikia maji ya kisiwa katika Bahari ya Kaskazini. Walionyesha kwamba kwa kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko kama futi 40 chini yake. Na mtu akiteka kwa pupa hata ile futi moja ikapungua, chumvi hupanda kutoka chini kwa kipimo kile kile. Wenyeji wa pwani hawakuwa na hesabu hizo, lakini walijua tangu zamani kwamba kisima kikikokolewa sana huharibika.

Upande wa Changamwe na Magongo hali ni mbaya zaidi. Hapo si matumbawe, ila ni udongo mzito juu ya miamba laini ya matabaka, na maji yapatikanayo chini ni haba tena yana chumvi. Basi kisiwa kilikuwa walau na visima vyake, lakini bara hii ya magharibi haikuwa na akiba ya kutosha hata mji mdogo.

Wazee wetu wa pwani waliyatendea maji kwa uangalifu ambao sisi tumeusahau. Walijenga mabirika ya chokaa misikitini na majumbani ili kupokea mvua. Huko Lamu, katika vyoo vya nyumba za kale za mawe, ndani ya birika waliweka visamaki vidogo ili vile viluwiluwi vya mbu, na sakafuni mwa birika wakatia bakuli la kauri, ili visamaki vipate pahali pa kukaa maji yakipungua. Hapakuwa na mtu aliyejua wakati huo kwamba mbu huambukiza malaria. Jambo hilo halikuthibitishwa mpaka mwisho wa karne ya 19. Maji ya kunywa yaliwekwa katika mtungi wa udongo, ambao jasho lake, yaani maji yanayopenya taratibu na kukauka juu ya ngozi yake, huondoa joto na kuyapoza yaliyomo ndani. Wengine walifukiza mtungi kwa ubani kabla ya kuujaza. Ubani hauui vijidudu vyote, lakini mtungi unaofukizwa ni lazima kwanza uoshwe na kukaushwa, nami nadhani faida ilikuwa zaidi katika kule kuosha.

Pamoja na hayo yote, maji yaliwashinda watu mara nyingi. Katika Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, mlikuwamo kisima na birika la mvua. Ngome hiyo ilipozingirwa na Waomani kuanzia 1696 hadi 1698, watu wengi waliofungiwa ndani waliangamizwa na maradhi, wasiuawe na mizinga.

Adui mkubwa zaidi alikuja katika karne iliyofuata, naye ni kipindupindu. Ugonjwa huu ulitoka Bara Hindi ukaenea duniani kwa njia za biashara, ukaifikia pwani yetu zaidi ya mara moja. Tuna habari nzuri za ule wa 1869 na 1870, kwa sababu alikuwapo Unguja tabibu Mskoti, James Christie, ambaye alipeleleza njia zake kama askari apelelezavyo nyayo za mwizi. Aliuliza wasafiri, mabaharia na wafanya biashara, hata akabainisha kwamba mara hiyo ugonjwa haukuja kwa jahazi. Ulikuja kwa nchi kavu, kupitia nchi ya Wamaasai hadi Pangani, na ndipo ukavuka kuingia Unguja, ukaua watu kwa maelfu. Kitabu chake kilichapishwa London mwaka 1876. (Ni huyo huyo aliyeandika habari za homa iliyoitwa na Waswahili kidinga popo, ambayo wengi hudhani ndiyo iliyozaa jina la kizungu la homa ya dengi.)

Wakati huo matabibu wengi wangali wakiamini kwamba kipindupindu husababishwa na hewa mbaya. Huko London, mwaka 1854, Dokta John Snow alikuwa ameonyesha kwamba wagonjwa wa mtaa mmoja karibu wote walikunywa maji ya pampu moja ya Broad Street, akawashawishi wakuu wauondoe mpini wake. Mwaka ule ule Filippo Pacini, Mwitaliano, alikiona kijidudu chenyewe kwa darubini, lakini hakuna aliyemsikiliza. Sifa zikaenda kwa Robert Koch, aliyekithibitisha huko Misri na Calcutta mwaka 1883 na 1884. Tangu hapo, maji ya mji yakawa ni jambo la uhai na mauti mbele ya macho ya kila serikali, hata zile ambazo hazikulitenda.

Mombasa ilipofanywa mwanzo wa reli, iliyoanza kujengwa mwaka 1896, watu waliongezeka upesi. Reli yenyewe ilipopita katika nyika ya Taru ilikuwa lazima wajenzi wapelekewe maji kwa gari la moshi. Baadaye mji uliletewa maji ya bomba kutoka chemchemi za Marere katika vilima vya Shimba, kusini. Maji hayo yalikuwa mazuri lakini machache. Bandari ikakua, viwanda vikajengwa Changamwe, na nyumba za wafanya kazi zikapanda kilima mpaka Magongo. Ndipo wahandisi wakatazama mbali zaidi, kaskazini-magharibi, wakaiona Mzima.

Hapa naomba msomaji atue kidogo, maana mahali hapa ni pa ajabu. Vilima vya Chyulu ni volkano changa; baadhi ya mito yake ya lava ina umri wa karne chache tu, na ukiitazama utadhani ilipoa jana. Juu ya vilima hivyo mvua hunyesha na umande wa mawingu hutiririka, lakini huoni mto hata mmoja wa kudumu. Majivu na mawe yake yana matundu mengi mno, hata maji huzama yote. Huko gizani huteremka polepole, yakichujwa na tabaka baada ya tabaka, mwendo wa kilomita zipatazo 50, mpaka yanapokutana na miamba migumu isiyopenyeka. Hapo hutokeza juu, katikati ya nchi kame, maangavu kama kioo, zaidi ya lita milioni 200 kwa siku. Huunda vidimbwi vya kijani vyenye minazi-mwitu na mafunjo, hupita kiasi cha kilomita mbili, kisha ukuta wa lava huyazuia, nayo huzama tena chini ya ardhi.

Katika vidimbwi hivyo wamo viboko na mamba. Kiboko hula majani usiku nchi kavu na kunya mchana majini. Mavi yake hulisha wadudu, wadudu hulisha samaki, na samaki wa jamii ya ningu humtambaa kiboko mwilini wakimsafisha ngozi. Pana chumba cha chini ya maji chenye vioo, ambamo mgeni hushuka akawatazama samaki wakipita machoni pake. Na ikiwa msomaji wa Magongo ameanza kukunja uso, na atulie: maji yaendayo Mombasa hayatekwi katika vidimbwi hivyo. Mbuga ya Tsavo ilikuwa imetengwa mwaka 1948, na watunzaji wake waliogopa kwamba mitambo ingeharibu mahali penyewe. Basi mlango wa bomba ukafichwa chini ya lava, maji yakachukuliwa kabla hayajatokeza kwenye jua wala kukutana na kiboko.

Kazi ya kulaza bomba ilifanywa katika miaka ya 1950, na kufikia mwaka 1957 maji ya Mzima yalikuwa yakifika pwani. Mzima iko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji hushuka kwa uzito wake yenyewe, yakipita Voi na Mazeras, bila pampu ya kuyasukuma. Kwa hakika ni kazi ya kustahiwa. Lakini kila historia ya bomba ina watu wawili: yule aliye mwisho wake, na yule ambaye bomba limepita mbele ya mlango wake. Watu wa Taita na Taveta, ambao chemchemi imo katika nchi yao, wamelalamika kwa miaka mingi kwamba maji huondoka kwenda Mombasa na wao wakibaki na kiu, tena bila fungu la mapato. Habari za bomba la pili zimesemwa mara kwa mara tangu zamani. Nami siwezi kusema kwamba malalamiko yao hayana haki, ijapokuwa nami ni mnywaji wa maji hayo.

Sasa turudi Magongo, kwa kuwa maji yaliyosafiri namna hii, yakasafishwa na mlima bila malipo, huweza kuharibika katika hatua mia za mwisho. Mji umekua mara nyingi kuliko bomba lake, hata ikabidi maji yaletwe pia kutoka Baricho kwenye mto Sabaki, na Tiwi upande wa kusini. Hayatoshi, kwa hiyo hutolewa kwa zamu. Bomba lililojaa maji kwa nguvu husukuma nje, na uchafu hauwezi kuingia. Likikaa tupu, kila ufa huwa mdomo unaofyonza, na likiwa limepita karibu na mtaro wa maji machafu, kitakachofyonzwa msomaji anakijua. Halafu maji hutiwa katika mtungi ambao jana ulikuwa wa mafuta, hukokotwa juani, humiminwa katika pipa lisilo na kifuniko, na mtoto hutumbukiza kikombe pamoja na vidole vyake. Mwenye kujisaidia kwa maji ya kisima naye hayuko salama, maana pale penye mwamba wa matumbawe maji ya choo hupenya nyufa zile zile upesi, pasipo kuchujwa kama yachujwavyo Chyulu.

Kipindupindu kilirudi Kenya mwaka 1971, na tangu hapo kimezuka mara nyingi, hasa baada ya mvua kubwa. Hakingoji mtu anywe maji matupu. Hupita katika barafu iliyotiwa kwenye sharubati ya ukwaju, katika kachumbari iliyooshwa kwa maji ya ndoo moja tangu asubuhi, na katika wali uliolala bila kupashwa moto. Mgonjwa huweza kupoteza maji ya mwili hata akafa kwa muda wa saa chache. Na ajabu ni kwamba dawa kubwa kwake ni maji hayo hayo, yakiwa safi na yamechanganywa kwa kipimo na chumvi na sukari.

Wapo wasemao kwamba dawa za asili zatosha. Ni kweli kwamba mbegu za mlonge zikipondwa na kukorogwa katika maji ya matope huyakusanya matope na kuyatuliza chini; wanawake wa Sudan wameyasafisha maji ya Nile hivyo kwa vizazi vingi. Lakini maji maangavu siyo lazima yawe salama, na kijidudu hakionekani kwa jicho. Jua nalo lina nguvu: chupa safi isiyo na rangi, ikijazwa maji yasiyo na matope na kulazwa juani muda wa saa sita, huuawa vijidudu vilivyomo. Kuchemsha ni hakika zaidi, ila makaa hununuliwa kwa fedha, na mwenye nyumba Magongo amekwisha kuyalipia maji yenyewe mara mbili, kwa bomba lisilotoa na kwa mkokoteni.

Alfajiri, kabla ya malori ya bandari kuanza kunguruma, mitungi ya manjano huwa imekwisha kupangwa foleni kwenye mfereji. Mtu wa kwanza hufungua, na mfereji hukohoa hewa. Hapo hungoja. Maji yale yalinyesha Chyulu zamani, nayo yako njiani.