Lafey, Nchi ya Visima na Mpaka

Msomaji, ikunjue ramani ya Kenya uitafute ncha ile ya kaskazini mashariki ambapo Kenya, Ethiopia na Somalia zakutana. Hapo pana mji wa Mandera, kando ya mto Daua. Shuka sasa upande wa kusini, ukiuandama mpaka wa Somalia, na kabla hujafika El Wak utaliona jina la Lafey. Ni mji mdogo katika Kaunti ya Mandera, na tangu mwaka 2013 jina lake ni jina pia la jimbo la uchaguzi.

Usitazamie kukuta huko ngome kama ile ya Mombasa, wala magofu kama ya Gedi. Wako watu wadhanio kwamba nchi isiyo na majengo ya kale haina historia. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Historia ya Lafey imo katika visima, katika majina, na juu ya migongo ya ngamia.

Nchi yenyewe ni kavu, yenye vichaka vya miiba na miti itoayo manemane na ubani. Mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 250 tu, nayo huja kwa misimu miwili: Gu, katika Aprili na Mei, na Deyr, katika Oktoba na Novemba. Baina ya Deyr na Gu hutawala Jilaal, kiangazi kikali ambacho humfanya kila mwenye mifugo ahesabu siku. Ngamia huvumilia kiu kwa siku nyingi. Lakini afikapo kisimani aweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, na maji hayo yote sharti yapandishwe kwa mikono ya watu. Ndiyo sababu wachungaji huimba wakiteka, ili mikono iende pamoja.

Lifikiri jina la El Wak. "El" kwa Kisomali ni kisima, na "Wak" ni jina la Mungu walilolitumia watu wa nchi hizi kabla ya kuja Uislamu. Waborana wangali wanalitumia. Waborana ndio waliovimiliki visima hivyo zamani, kabla Wasomali hawajawasukuma upande wa magharibi. Leo wanaovinywa ni Waislamu, lakini jina la kale halikufutika. Wakazi wengi wa Lafey ni Wasomali wa ukoo wa Murule, na Wagarre ni majirani zao.

Nyumba ya mfugaji, iitwayo aqal, ni fito zilizopindwa zikafunikwa mikeka. Mwanamke ndiye huijenga, huibomoa, na kuipakia juu ya ngamia mvua inyeshapo kwingine. Basi ni nani atakayeyachimbua magofu ya nyumba inayotembea?

Sasa nitakueleza jambo ambalo wengi hawalijui. Kabla ya mwaka 1925 Lafey haikuwa mpakani kamwe. Nchi yote ya mashariki yake, mpaka mto Juba, ilikuwa chini ya Waingereza kama Kenya nyingine. Lakini mwaka 1915, wakitaka Italia iingie vitani upande wao, Waingereza waliiahidi fidia barani Afrika. Na fidia yenyewe ikawa Jubaland, iliyokabidhiwa mwaka 1925. Wapimaji wakaja, wakauweka mpaka, na jamaa moja ikajikuta katika dola mbili. Desemba 1940 mpaka huo uligeuka uwanja wa vita: askari wa Afrika Kusini na wa Gold Coast, yaani Ghana ya leo, waliwashambulia Waitalia huko El Wak. Mjini Accra kuna uwanja wa michezo uitwao El Wak hadi leo.

Mwaka 1962 tume ya Waingereza iliwauliza wakazi maoni yao, na Wasomali wengi wakataka kuungana na Somalia. Hawakukubaliwa. Desemba 1963 ikatangazwa hali ya hatari, vikafuata vita vya Shifta hadi 1967, na sheria zile ngumu hazikuondolewa mpaka 1991. Kitu kilichochukua miaka 28 hakisahauliki upesi.

Tena Novemba 2014, katika basi lililotoka Mandera, watu 28 waliuawa, wengi wao wakiwa walimu. Walimu wengi wa kutoka bara wakahama, na watoto wakabaki na madarasa matupu. Desemba 2015 basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, nao washambuliaji wakawaamuru abiria Waislamu wajitenge na Wakristo. Walikataa. Wanawake waliwavisha wenzao Wakristo mitandio yao. Mwalimu Salah Farah, mmoja wa waliokataa, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016, na taifa likamtunukia nishani.