Kidingapopo na Nafasi ya Viungo katika Mafunzo ya Tiba Pwani ya Tanzania

Mwaka 1870 maradhi ya homa na maumivu makali ya viungo yalienea Unguja, ng'ambo ya Bagamoyo. Daktari James Christie, aliyetibu huko, aliandika kuwa wenyeji waliyaita kidinga pepo, na kwamba wazee waliyakumbuka tangu miaka ya 1820. Jina hilo, ambalo leo hutamkwa kidingapopo, limezoeleka kuwa ni la homa ya dengi.

Mazoea hayo yana walakini. Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alidai kwamba ugonjwa wa 1870 ulikuwa chikungunya, kwa kuwa maumivu ya viungo yalibaki hata homa ilipokwisha. Hoja yake ina uzito. Dengi huumiza misuli na mifupa, lakini kwa kawaida haimwachi mgonjwa na vifundo vilivyokakamaa kwa miezi.

Chikungunya yenyewe ilielezwa kitaalamu baada ya mlipuko wa 1952–1953 wilayani Newala, katika makala za Marion Robinson na W.H.R. Lumsden zilizochapishwa mwaka 1955. Jina lake ni la Kimakonde na lamtaja mtu aliyejikunja kwa maumivu. (Vitabu kadhaa vya kigeni hudai ni neno la Kiswahili, msomaji wa Kiswahili hahitaji kuambiwa kuwa sivyo.) Wagonjwa walitaja viungo; waliokuja baadaye wakaorodhesha homa.

Mpangilio huo una athari wodini. Hospitali ya Muhimbili, ambayo chimbuko lake ni hospitali iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1897 kwa fedha za Sewa Haji, mfanyabiashara wa Bagamoyo, imehusishwa na mafunzo ya udaktari tangu chuo cha tiba kilipoanzishwa mwaka 1963. Katika nchi ya malaria, daktari anayesomea ubingwa huzoezwa kwanza kuitafuta homa. Mgonjwa anayefika wiki nyingi baadaye, vidole vya mikono yote miwili vimevimba na kukakamaa asubuhi, huweza kuhesabiwa kuwa na baridi yabisi sugu, akaanzishiwa dawa za kupunguza kinga ya mwili kwa miaka, ilhali virusi ndivyo chanzo. Uchunguzi wa vifundo kwa mkono hautoshi kuzitenganisha hali hizo mbili. Panahitajika kipimo cha kingamwili za chikungunya, na kabla yake swali: homa ilianza lini, na nani mwingine nyumbani aliugua?