Aina za ukaguzi wa meli za biashara

Korosho za Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na za Masasi, upande wake wa magharibi, huuzwa kwa mnada kupitia vyama vikuu vya ushirika vya TANECU na MAMCU. Sehemu kubwa huvuka bahari zikiwa ghafi kwenda Asia. Usalama wa shehena hiyo na wa mabaharia hutegemea ukaguzi wa meli, ambao ni wa aina kadhaa.

Ya kwanza ni ukaguzi wa kisheria, unaotokana na mikataba ya kimataifa, ukiwamo ule wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1974. Meli ya mizigo hukaguliwa kabla ya kuanza kazi, kisha kila mwaka, na kwa kina zaidi kila baada ya miaka 5. Katika kipindi hicho sehemu ya chini ya meli hutazamwa walau mara 2, kwa kawaida ikiwa chelezoni. Kwa Tanzania Bara msimamizi ni TASAC, lililorithi mwaka 2018 majukumu ya SUMATRA ya usafiri majini.

Ya pili ni ukaguzi wa daraja, unaofanywa na taasisi kama Lloyd's Register, iliyoanzishwa London mwaka 1760. Wataalamu wake hupima unene wa mabati na hali ya mitambo. Kampuni za bima huutegemea.

Ya tatu ni ukaguzi wa meli za kigeni zinapotia nanga. Yenye kasoro kubwa huzuiwa kuondoka hadi itengenezwe.

Ya nne huhusu shehena. Mkaguzi huhakikisha kwamba ngama ni safi na kavu, na kwamba mifuniko yake haivuji, kwa kuwa korosho zikipata unyevu huota ukungu na kushuka thamani. Kwa makaa ya mawe, uzito hukadiriwa kwa kusoma kina ambacho meli imezama kabla na baada ya kupakia.

Ya tano hufanywa kwa matakwa ya wahusika: wakati wa kununua au kukodi meli, au baada ya ajali.

Hata hivyo, cheti huthibitisha hali ya chombo siku kilipokaguliwa. Kuzama kwa MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, vyote vikiwa vimezidisha abiria, kulidhihirisha kuwa usimamizi wa kila safari hauna mbadala.