Kipimo ni Kidole cha Mgonjwa

Madaktari wa China walifika Zanzibar mwaka 1964 na Tanzania Bara mwaka 1968. Kutoka hapa Goba, Dar es Salaam, ukishuka hadi Upanga utafika Hospitali ya Muhimbili, ambako tangu 1987 walishirikiana na wenzao wa Tanzania kutibu wagonjwa wa UKIMWI kwa dawa za asili za China. Katika tiba hiyo ya asili imo pia akupancha, tiba ya sindano nyembamba.

Sindano haichomwi popote tu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 unataja nukta 361, na kila moja hupimwa kwa mwili wa mgonjwa mwenyewe: upana wa dole gumba lake ni kizio kimoja, vidole vyake vinne vikishikamana ni vizio vitatu. Ndiyo maana mtoto hapimwi kwa vidole vya daktari. Huu ni ustadi wa kustahiwa.

Jaribu. Kaa, kunja goti. Papasa kishimo chini ya pia ya goti, upande wa nje. Shuka vidole vinne, kisha sogea kidole kimoja nje ya ukingo wa muundi. Hapo ni Zusanli, nukta ya maradhi ya tumbo. Bonyeza tu, sindano mwachie mtaalamu.

Njia za qi, yaani nguvu ya uhai katika tiba hii, zinazosemwa kuunganisha nukta hizi hazijaonekana katika upasuaji. Hata hivyo, majaribio mengi yameonyesha kwamba kuchochea Neiguan, iliyo juu kidogo ya kifundo cha mkono, kati ya kano mbili upande wa kiganja, hupunguza kichefuchefu baada ya operesheni.