Ukungu wa Shengena: Historia ya Unyevu katika Milima ya Upare

Mji wa Same umekaa penye mwanya unaotenganisha Upare Kaskazini na Upare Kusini, katika mwinuko unaokaribia mita 900 kutoka usawa wa bahari. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, na uoto wake ni migunga na vichaka vya nchi kame. Kusini-mashariki ya mji huo, ndani ya wilaya hiyo hiyo, kilele cha Shengena kinafika mita 2,462, na msitu wa Chome unaokizunguka hufunikwa na ukungu siku nyingi za mwaka. Misitu ya namna hii ndiyo makao ya okidi za baridi za Afrika Mashariki, zikiwemo za jenasi Polystachya na Angraecum, ambazo hukaa juu ya matawi na kuishi kwa unyevu wa hewa. Wakazi wa milima hiyo hawakuwa wakulima wa okidi. Lakini kwa karne kadhaa walitunza, kwa mila na kwa kazi ya mikono, unyevu ule ule ambao wapenzi wa maua wa Ulaya walihangaika kuupata ndani ya nyumba za vioo.

Unyevu wa Shengena chanzo chake ni Bahari ya Hindi. Pepo za kusi na kaskazi huleta hewa yenye mvuke hadi kwenye kuta za milima, nayo hewa hulazimika kupanda. Inapopanda hupoa, na hewa baridi haina uwezo wa kubeba mvuke mwingi kama hewa ya joto. Hewa yenye joto la nyuzi 30 za selsiasi na unyevu wa asilimia 40, ikipozwa hadi nyuzi 15, hufikia takriban asilimia 100 bila kuongezewa hata tone moja la maji. Hapo mvuke hugeuka matone madogo, yaani ukungu. Majani, kuvumwani na makangaga ya msituni huyanasa matone hayo, yakachuruzika hadi chini hata siku ambayo mvua haikunyesha. Upande wa pili wa mlima hewa hushuka, hupata joto na kukauka. Ndiyo sababu miteremko ya mashariki ina misitu minene huku tambarare za magharibi zikibaki kame.

Milima ya Upare ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya miamba ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya, kupita Upare, Usambara na Uluguru, hadi Udzungwa. Kwa kuwa bahari imeendelea kuilisha unyevu kwa muda mrefu mno, viumbe vingi vimebaki humo na kujitenga na vya kwingineko. Okidi za matawini zimejiandaa kwa mazingira hayo. Mizizi yake ina tabaka jeupe lililo kama sifongo, linalofyonza maji upesi ukungu unapopita na kuilinda mizizi jua linapotoka. Nyingi zina mashina yaliyovimba ambayo huweka akiba ya maji. Pamoja na hayo, mimea hii haipendi kulowa mfululizo. Upepo wa mlimani huikausha kati ya ukungu mmoja na mwingine, na usiku wa baridi huipumzisha. Okidi ya mlimani huhitaji unyevu, baridi na hewa inayotembea kwa pamoja. Moja likikosekana, mengine mawili hayaifai kitu.

Kabla ya ukoloni, sehemu za misitu ya Upare zilikuwa chini ya koo. Kila ukoo ulikuwa na mpungi wake, yaani kichaka kitakatifu cha matambiko, mahali pa kuwakumbuka wazee waliotangulia. Kulikuwa pia na misitu ya jando, ambamo vijana walifundishwa. Kukata mti katika maeneo hayo kulikuwa kosa lililotakiwa kufidiwa kwa tambiko. Profesa Isaria Kimambo, katika kitabu chake cha historia ya kisiasa ya Wapare kilichotoka mwaka 1969, alionyesha jinsi mamlaka ya watawala wa Upare yalivyofungamana na matambiko. Upare Kusini, ukoo wa Wambaga ulisifika kwa uganga wa mvua, na heshima yake ilivuka mipaka ya eneo lake. Imani hizo zilikuwa na matokeo ya wazi ardhini: vilele, chemchemi na makorongo yalibaki na miti, na miti hiyo ilihifadhi kivuli na unyevu ambao makangaga na okidi haviwezi kuishi bila hivyo.

Maji yaliyotoka kwenye misitu hiyo yaligawanywa kwa ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe linalojengwa kwenye mteremko. Mfereji hulijaza usiku, na asubuhi tundu lake huzibuliwa ili maji yaende mashambani kwa nguvu ya kutosha. Bila ndiva, kijito chembamba kingeishia njiani kabla ya kufika shamba la mbali. Ukoo uliojenga ndiva ndio uliokuwa na haki ya kwanza ya maji, na wengine walipangiwa zamu. Kusafisha mifereji na kuondoa tope kulifanywa kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya ilitoa mtu. Vudee, Bangalala na vijiji vingine vya bonde la Makanya bado vinatumia ndiva, na mabishano kati ya watu wa juu na watu wa chini kuhusu zamu za maji ni ya zamani kama mifereji yenyewe.

Wakati Wapare wakiendesha mfumo huo, Waingereza matajiri walikuwa wameshikwa na shauku ya okidi. Mwaka 1829 daktari wa London, Nathaniel Ward, aligundua kwamba mmea uliofungiwa ndani ya kioo huweza kuishi muda mrefu kwa unyevu wake wenyewe. Masanduku ya vioo yaliyotokana na ugunduzi huo yaliwezesha mimea ya tropiki kuvuka bahari ikiwa hai. Lakini ikifika, wengi waliiua. Mtaalamu wa mimea John Lindley alishauri mwaka 1830 kwamba okidi zipewe joto kali, unyevu mwingi na kivuli. Wakulima wakafunga madirisha, wakawasha tanuri na kumwaga maji. Maelfu ya okidi zilizotoka katika milima ya baridi zilioza. Waliamini kwamba kila kilichotoka tropiki hupenda joto, kana kwamba tropiki haina milima.

Mabadiliko yalianza Chatsworth, ambako Joseph Paxton, msimamizi wa bustani za Duke wa Devonshire, alifungua madirisha, akapunguza joto na kuzigawa okidi katika nyumba tofauti kulingana na hali ya hewa ya mahali zilikotoka. Kodi ya vioo ilipofutwa nchini Uingereza mwaka 1845, nyumba hizo zikapatikana kwa bei nafuu. Kufikia miaka ya 1860 mpenzi wa okidi James Bateman alikuwa akihimiza ukuzaji wa okidi katika baridi, na njia ya kudhibiti unyevu ikaeleweka: sakafu na meza hulowanishwa asubuhi ili maji yafuke taratibu, madirisha ya juu hufunguliwa ili hewa itembee, na majani huachwa yakauke kabla ya usiku. Ndivyo mlima unavyofanya wenyewe kila siku.

Milima ya Tao la Mashariki iliingia katika historia hiyo wakati wa Wajerumani. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa wilaya ya Tanga, alipeleka Ujerumani ua dogo la zambarau la Usambara. Mwaka uliofuata lilipewa jina la kisayansi Saintpaulia, na baadaye likawa ua la dirishani duniani kote. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilianzisha taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia huko Amani, Usambara Mashariki. Reli kutoka Tanga ilipita chini ya Milima ya Upare na kufika Moshi mwanzoni mwa miaka ya 1910, na Same ikawa kituo njiani. Wamisionari Waadventista walikuwa wameingia Upare Kusini tangu 1903, wakianzia Giti katika nchi ya Mamba. Dini mpya, shule na kodi vilidhoofisha mamlaka ya wazee wa matambiko, na baadhi ya vichaka vya koo vikapoteza ulinzi wake. Wakati huo huo serikali ilianza kutenga misitu kuwa mali yake, jambo lililohamisha utunzaji kutoka mikononi mwa koo.

Chini ya Waingereza, Amani iliendelea kuwa kituo cha utafiti. Humo aliishi Reginald Moreau, mtaalamu wa ndege, pamoja na mkewe Winifred, na katika miaka ya 1940 wawili hao waliandika kuhusu okidi za matawini za Afrika Mashariki. Jina la Winifred limebaki Upare: ndege mdogo wa Upare Kusini mwenye duara jeupe kuzunguka jicho anaitwa kisayansi Zosterops winifredae. Ndege huyo na okidi hutegemea msitu ule ule wa ukungu. Katika miaka ya 1950 Chome ulikuwa tayari msitu wa hifadhi wa serikali, ukilindwa hasa kwa ajili ya vyanzo vya maji.

Hatari kubwa ilitokana na mkulo, mti mrefu unaothaminiwa kwa mbao zake. Wapasua mbao waliingia msituni na misumeno, wakaangusha mikulo mikubwa. Mti mmoja wa namna hiyo ukianguka hauendi peke yake. Huondoka na bustani nzima ya kuvumwani, makangaga na okidi iliyojengeka kwa miongo mingi, na mahali ulipokuwa huachwa wazi kwa jua na upepo mkavu. Moto unaopanda kutoka mashambani wakati wa kiangazi hupata njia hapo. Katika miaka ya 2010 Chome, wenye zaidi ya hekta 14,000, ulipandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Hadhi hiyo inazuia uvunaji wa miti. Wanaofaidika hawaishi mlimani tu: mpunga wa Ndungu, kwenye tambarare za mashariki, humwagiliwa na maji ya mto Yongoma yanayoshuka kutoka milima hiyo.

Historia hiyo yote inatoa mwongozo kwa anayetaka kukuza okidi za baridi katika wilaya ya Same leo. Okidi hizo hustawi zaidi usiku ukiwa na nyuzi 10 hadi 13, mchana usiozidi sana nyuzi 24, na unyevu wa hewa wa asilimia 60 hadi 80. Katika vijiji vya juu kitalu nyumba cha wavu wa kivuli chenye pande zilizo wazi kinakaribia kutosha. Kazi kubwa huko ni kupitisha hewa ili majani yasiote ukungu wa magonjwa wakati wa masika. Mjini Same tatizo hugeuka. Hewa kavu hupoa vizuri maji yanapofuka, hivyo sakafu ya kokoto iliyolowanishwa na pazia la maji kwenye mlango wa upepo huongeza unyevu na kupunguza joto kwa wakati mmoja. Usiku, hata hivyo, uwanda haupoi kama mlima, na kunyunyiza maji zaidi hakuwezi kuchukua nafasi ya baridi. Huko inafaa kuchagua aina zinazovumilia joto la wastani.

Miche yenyewe haipaswi kung'olewa msituni. Biashara ya kimataifa ya okidi zote inasimamiwa na mkataba wa CITES, na tangu mtaalamu wa mimea Lewis Knudson alipofaulu mwaka 1922 kuotesha mbegu za okidi katika chupa zenye sukari na virutubisho, hakuna sababu ya kuupora mlima ili kupata maua. Okidi iliyooteshwa maabarani huzoea kitalu tangu ikiwa changa, ilhali ile iliyobanduliwa kwenye mkulo mara nyingi hufa kwa kukosa hewa iliyoizoea. Kitalu kinaweza kuiga unyevu wa Shengena kwa ajili ya mimea michache; unyevu unaojaza ndiva na mito ya wilaya nzima hunaswa na kutunzwa na msitu peke yake.