Mtu Waliyemwita Kabichi

Nilizaliwa Zambia baada ya uchaguzi wa mwaka 2001, lakini baba yangu huusimulia hadi leo. Mwaka huo Rais Frederick Chiluba alishindwa kupata nafasi ya kugombea muhula wa tatu. Mwezi Agosti chama chake, MMD, kilimteua Levy Mwanawasa, mwanasheria aliyejiuzulu umakamu wa rais mwaka 1994 akilalamikia rushwa. Watu walishangaa. Ajali ya barabarani ya mwaka 1991 ilikuwa imeathiri usemi wake, hivyo wapinzani walimwita kabichi. Wengine walisema atakuwa kibaraka wa Chiluba. Baba alicheka pamoja nao.

Mwanawasa alishinda kwa asilimia 29 tu ya kura. Julai 2002 alilieleza Bunge tuhuma za ufisadi dhidi ya Chiluba, na Bunge likamwondolea Chiluba kinga ya kutoshtakiwa.

Mwanawasa alipofariki mwaka 2008, baba alipanga foleni kutoa heshima za mwisho. Huniambia, “Mwanangu, tulimcheka ulimi, tukasahau kwamba aliwahi kuacha cheo.” Nami naona jibu lilikuwepo tangu mwaka 1994. Hatukulitazama.